Kitulizi cha usukani kwa gari-nyumba: springi au shokapu?

*Swali: Nimenunua gari-nyumba lililotumika, lenye urefu wa mita 10, lililojengwa juu ya chasisi ya Ford F-53. Nikiwa kwenye barabara kuu nalazimika kusahihisha usukani bila kupumzika, na kila lori linaponipita gari linavutwa kwanza upande wa lori, kisha linasukumwa nje. Baada ya saa tatu mabega yananiuma. Fundi mmoja amenishauri nifunge kitulizi cha usukani chenye springi, mwingine anasema shokapu mpya ya usukani inatosha. Nichague kipi, na nizingatie nini?*

Ndugu msomaji,

Mafundi wako wawili wanazungumzia vifaa vinavyofanana kwa sura lakini visivyofanya kazi moja, na kwa dalili ulizozieleza naona kwamba sehemu kubwa ya usumbufu wako haitaguswa na chochote kati ya hivyo viwili. Ukinilazimisha kuchagua leo, nitachagua chenye springi. Hata hivyo, nakusihi usikilipie kabla hujapima mambo machache ambayo mengine hayana gharama yoyote, kwa sababu kitulizi kikifungwa juu ya ubovu huuficha, na ubovu wa usukani uliofichwa ni hatari kuliko ule unaousikia mikononi.

Niondoe kwanza utata wa jina. Gereji nyingi zikisikia neno "stabilaiza" huelewa ile nondo inayounganisha magurudumu ya kushoto na kulia ili gari lisilale kwenye kona. Siyo hiyo tunayoizungumzia. Kitulizi cha usukani ni silinda inayolala kwa upana chini ya pua ya gari, mguu mmoja ukiwa umeshikwa kwenye fremu au ekseli na mwingine kwenye tairodi, yaani ile nondo inayoyaamuru magurudumu yote mawili ya mbele yageuke pamoja. Ukienda dukani na neno la kwanza unaweza kurudi na kifaa kizuri ambacho hukukihitaji.

Shokapu ya usukani ina mafuta ndani na pistoni yenye matundu madogo. Kinachopingwa nayo ni kasi ya mwendo, wala siyo umbali. Ukizungusha usukani polepole huisikii kabisa, lakini gurudumu likigonga shimo na kutaka kuurusha usukani kwa ghafla, mafuta hukataa kupita haraka kwenye matundu na ule mshtuko hufika mikononi mwako ukiwa umepungua. Jambo ambalo shokapu haina ni kumbukumbu ya mahali palipo katikati. Magurudumu yakikengeuka nyuzi mbili kuelekea kushoto, yenyewe itatulia hapo hapo kwa amani, ikikusubiri wewe uyarudishe. Kwa hiyo shokapu ni dawa ya mtikisiko, ile hali ya usukani kutetemeka au kupigapiga, na katika barua yako sijaona hata sentensi moja inayolalamikia mtikisiko. Chasisi yako kwa kawaida hutoka kiwandani ikiwa na shokapu ya namna hiyo, hivyo huenda fundi wa pili anapendekeza tu ile ya zamani ibadilishwe. Kujua kama imekufa ni rahisi: fungua mguu mmoja, ivute na uisukume kwa mkono. Inatakiwa ikupinge kwa uzito uleule mwanzo hadi mwisho wa mwendo wake. Ukikuta mahali inapoteleza bila upinzani wowote, au mafuta yamelowesha mwili wake, ibadilishe bila kujiuliza mara mbili.

Kitulizi chenye springi ni kitu kingine. Hiki kinajua katikati ni wapi, na kadiri magurudumu yanavyotoka hapo ndivyo kinavyozidi kuyasukuma yarudi. Vingi vina mafuta pia ndani yake, ili kisirudi kwa kurusha kama manati. Safe-T-Plus na Reflex ya Roadmaster ni mifano inayojulikana ya aina ambayo katikati yake hupangwa na fundi akiwa chini ya gari. TruCenter ya Blue Ox ni mfano wa aina ambayo dereva huipanga mwenyewe kwa kitufe akiwa safarini. Tofauti hiyo ndogo ina uzito mkubwa, nami nitairudia.

Kuna kitu cha kati ambacho huwachanganya wengi, nacho ni shokapu iliyojazwa gesi. Wapo wanaoiuza kana kwamba inarudisha usukani katikati. Haifanyi hivyo. Gesi ndani ya silinda ya namna hiyo huisukuma nondo ya pistoni itoke nje, siku zote upande mmoja. Chukua nondo yenye kipenyo cha milimita 14 na gesi yenye presha ya bar 20: msukumo wake ni takribani kilo 31, na huo msukumo unaegemea kwenye tairodi yako mchana na usiku. Ukifunga moja tu, gari huanza kuvuta upande, nawe utatumia fedha kwenye alaimenti, yaani upangaji wa pembe za magurudumu, ukitafuta kosa ambalo umelifunga kwa mikono yako. Ukilazimika kutumia shokapu za gesi, zinatakiwa ziwe mbili zinazotazamana ili zifutane.

Sasa nije kwenye malori, kwa sababu hapo ndipo maelezo yako yalinifungulia mlango. Umesema gari linavutwa kwanza upande wa lori, kisha linasukumwa nje. Mpangilio huo una maana. Lori linalokupita linasukuma mbele yake rundo la hewa. Rundo hilo likifika ubavuni mwa mkia wako, huusukuma mkia kwenda nje, mbali na lori, na mkia ukienda nje pua inageukia ndani, kuelekea lori. Wewe unasema "linanivuta", na ndivyo inavyoonekana ukiwa umekaa mbele. Sekunde moja baadaye rundo lilelile limefika puani, nalo linaisukuma pua nje. Wakati huo wewe ulikwisha kusahihisha kwa kuzungusha usukani kwenda nje, hivyo masahihisho yako na msukumo wa hewa vinajumlishwa, na gari linakurupuka zaidi ya ulivyotarajia.

Tazama kilichotokea hapo: katika hatua ya kwanza magurudumu ya mbele hayajageuka hata kidogo. Kilichohama ni nyuma. Mwili wa gari umekaa juu ya springi za majani, yaani vipande virefu vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na springi hizo pamoja na bushi zake, yaani mikono midogo ya kwenye maungio, zina ulegevu wa pembeni, kwa hiyo fremu inaweza kuhama kushoto au kulia juu ya ekseli ilhali matairi yamebaki palepale. Kitulizi kilichofungwa mbele hakina cha kupinga, kwa kuwa mahali kilipo hakuna kilichosogea. Ndiyo maana watu hufunga kitulizi cha thamani kubwa, wakasifu jinsi usukani ulivyotulia, kisha lori la kwanza likawanyamazisha.

Jipime mwenyewe. Egesha gari mahali tambarare na pagumu, vuta breki ya mkono, zuia magurudumu ya mbele kwa vigingi. Nyuma, shika rula wima kwenye ukingo wa mwili juu ya tairi, ikishuka hadi ubavuni mwa tairi, na uweke alama ya chaki kwenye mpira pale ncha ya rula inapogusa. Mwombe mtu mwenye nguvu ausukume mkia wa gari kwa kiganja, aachie, asukume tena, akifuata mdundo wa gari lenyewe. Utaona ncha ya rula ikienda na kurudi juu ya tairi lililotulia. Sehemu ya mwendo huo ni mwili kulala, na hiyo ni kawaida; lakini ukiona mwili wote unateleza kwa usawa kwenda pembeni, umepata ugonjwa. Niliwahi kulipima hivyo gari moja ambalo mwenye nalo alikuwa amekwisha kubadilisha shokapu zote nne na kufunga kitulizi, na rula ilihama zaidi ya sentimita mbili. Dawa yake ilikuwa nondo ya Panhard, nondo moja iliyonyooka inayotoka upande mmoja wa fremu hadi upande wa pili wa ekseli ya nyuma, kazi yake ikiwa kuizuia fremu isihame pembeni. Jina limetokana na kampuni kongwe ya magari ya Ufaransa, na wazo lenyewe halijahitaji kuboreshwa sana tangu wakati huo. Kwa gari lako, mimi ningeinunua hiyo kabla ya kitulizi.

Urefu nao una sehemu yake. Kama umbali kati ya ekseli zako ni mita 5.28, ambao ni mmojawapo wa vipimo vya chasisi hiyo, basi ni asilimia 53 tu ya urefu wa gari, na sehemu kubwa ya mita 4.7 zilizobaki inaning'inia nyuma ya ekseli ya nyuma kama mpini mrefu unaosubiri kusukumwa. Uwiano huo huwezi kuubadilisha. Kinachowezekana ni kutouchochea kwa mizigo. Tangi la lita 200 za maji lililoko mita mbili nyuma ya ekseli ya nyuma huondoa takribani kilo 76 kwenye ekseli ya mbele, na kilo hizo ndizo matairi ya mbele yaliyokuwa yakizitegemea kushika barabara.

Malalamiko yako ya kwanza, yale ya kusahihisha bila kukoma hata pasipo lori, ni habari nyingine. Anza na matairi. Lipime gari likiwa limepakiwa kama unavyosafiri, watu wakiwa ndani, maji na mafuta yakiwamo, na ikiwezekana upate uzito wa kila kona peke yake. Kisha tafuta jedwali la mtengenezaji wa tairi linalooanisha uzito na presha, uchukue presha ya upande uliolemewa zaidi, uijaze kwa usawa pande zote mbili za ekseli hiyo, tairi likiwa baridi. Wengi husoma namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi na kuijaza hiyo, ilhali ile kwa kawaida ni presha inayokwenda na mzigo wa juu kabisa wa tairi. Tairi la mbele lililojazwa kupita uzito wake hugusa barabara kwa eneo dogo, hufuata kila mfereji wa lami, na usukani hupoteza ile hali ya kujua mbele ni wapi. Kurekebisha presha peke yake kumewahi kuwaponya madereva waliokuwa tayari wameagiza kitulizi.

Ukiwa hapo, soma na umri wa tairi. Kwenye matairi yenye alama ya DOT, tarakimu nne za mwisho zinaonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Gari-nyumba hukaa zaidi kuliko linavyotembea, kwa hiyo matairi yake huzeeka kabla ya kuisha meno.

Halafu tafuta ulegevu. Washa injini, magurudumu yakiwa yamenyooka chini, mtu auchezeshe usukani kushoto na kulia kwa mwendo wa vidole viwili tu, na wewe ulale pembeni utazame mkono unaotoka kwenye stelingi boksi. Usukani ukienda na mkono usiende, ulegevu uko kwenye boksi au kwenye viungo vya shafti iliyo juu yake. Mkono ukienda na gurudumu lisiende, fuata kiungo kimoja kimoja, ukiweka kidole juu ya kila ncha ya tairodi. Kiungo kilichokufa utakihisi kikigonga kabla ya kukiona. Usimruhusu fundi akaze skrubu ya stelingi boksi kwa kubahatisha ili "kuondoa mchezo", kwa kuwa ikikazwa kupita kiasi usukani hukwama kidogo katikati, na dereva huishia kusahihisha zaidi ya mwanzo.

La mwisho kabla ya dukani ni kasta, yaani jinsi kingipini, ile pini ambayo gurudumu la mbele huizunguka linapogeuka, ilivyolala kuelekea nyuma. Ulalo huo ndio unaolifanya gurudumu lifuate mwendo kama gurudumu la kitoroli cha dukani, na ndicho kitulizi cha asili ambacho kila gari limezaliwa nacho. Kwenye ekseli ya springi za majani kama yako hurekebishwa kwa kabari zinazowekwa kati ya springi na ekseli. Kuna mtego mmoja hapa: ukiinua nyuma ya gari, kwa springi mpya au mifuko ya hewa, fremu yote inainama mbele na kasta inapungua. Kwa umbali wa mita 5.28 kati ya ekseli, kila sentimita tano unazoinua nyuma zinakunyang'anya zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Muulize aliyekuuzia kama springi za nyuma zilibadilishwa. Alaimenti ifanywe gari likiwa na mzigo wake wa safari, wala si likiwa tupu.

Tuseme umeyamaliza hayo yote na gari sasa linakwenda vizuri, ila upepo wa ubavuni bado unakuchosha, au unataka kinga dhidi ya tairi la mbele kupasuka. Hapo kitulizi chenye springi kinastahili fedha zako, na sababu ya pili ni nzito kuliko ya kwanza. Tairi la mbele likipasuka, gurudumu hilo huburuta na kujaribu kuuzungusha mfumo wote wa usukani kuelekea upande wake. Springi hupinga mzunguko huo tangu mwanzo, kabla mikono yako haijatambua kinachotokea. Haichukui nafasi ya dereva: bado inakubidi ushike usukani kwa nguvu, usiguse breki, uendelee kukanyaga mafuta kidogo hadi gari linyooke, ndipo uliache lipungue mwendo lenyewe.

Katika kuchagua, tazama kwanza kama kifaa kimetengenezwa kwa ajili ya chasisi yako, mwaka wake na uzito wa ekseli yake ya mbele. Springi dhaifu ni pambo. Springi kali mno huufanya usukani uwe mzito kwenye kona za polepole, huipa pampu ya pawa stelingi kazi isiyoisha, na humnyima dereva hisia ya barabara. Mwendo wa silinda lazima uzidi mwendo wa tairodi pande zote mbili. Kamwe kitulizi kisiwe ndicho kinachosimamisha usukani kwenye mwisho wa kona, kwa maana siku kikifanya hivyo kitapinda au kitang'oa kishikizo chake.

Kisha amua kuhusu katikati. Barabara nyingi zimeinuka katikati na kushuka kwenye bega ili maji yatiririke, hivyo "nyoofu" ya usukani wako hubadilika kidogo kulingana na njia uliyopo. Aina inayopangwa na fundi hupangwa mara moja kwa wastani wa barabara unazotumia, na kwenye upepo wa kudumu wa ubavuni springi yenyewe huwa mzigo, kwa kuwa unalazimika kuishikilia nje ya katikati yake kwa saa nzima. Aina ya kitufe inakuruhusu kuihamisha katikati hiyo ukiwa unaendesha. Ina waya na vali, kwa hiyo ina vitu vingi zaidi vya kuharibika, nami kwa mtu anayesafiri mara mbili kwa mwaka singeipendekeza. Wewe unayekaa saa tatu mfululizo kwenye barabara kuu na kulalamikia mabega, ndiyo, ningekushauri uifikirie.

Wasomaji wengine wenye magari madogo zaidi yaliyojengwa juu ya Fiat Ducato au Mercedes Sprinter wasichukue maelezo haya kama yalivyo. Magari hayo hayana tairodi ndefu ya aina hii wala stelingi boksi, na vifaa vya kundi la F-53 havifungiki humo.

Kwenye ufungaji, shokapu ya kiwandani huondolewa na kitulizi huchukua nafasi yake, isipokuwa mtengenezaji wa kitulizi aseme vinginevyo. Kabla ya kushusha gari, fundi azungushe usukani hadi mwisho kushoto, kisha hadi mwisho kulia, wewe ukitazama kwa tochi kwamba hakuna kinachogusa mipira ya breki, sampu ya mafuta au nondo nyingine yoyote; arudie gari likiwa limekalia magurudumu yake, kwa sababu springi zikibonyea nafasi hupungua. Kwa aina inayopangwa na fundi, katikati ikaguliwe barabarani, gari likiwa na mzigo: likivuta upande, kishikizo cha kwenye tairodi kilegezwe, kisogezwe nusu sentimita tu, kikazwe, na mjaribu tena. Kishikizo hicho kimeshikwa kwa msuguano wa yubolti pekee, yaani bolti yenye umbo la U, hivyo kabla ya kuondoka gereji chora mstari wa rangi unaovuka nati, kishikizo na tairodi kwa pamoja. Baada ya kilomita 500 lala chini utazame: mstari ukiwa umekatika, kitulizi kimehama na katikati yako si katikati tena.